Kura Haina Shahidi

Mimi nimepandisha kuku wengi angani kuliko mwewe wote wa Unyamwezi. Miaka ishirini na mbili nilikuwa kwenye jiko la vyakula vya abiria wa ndege kule Hayes, London, na Januari moja baridi ilikuwa kali hata mluzi wa mwenzangu ukaganda hewani, tukaugonga kwa mwiko, ukaanguka sakafuni ukavunjika. Nayasema haya mapema ili tujuane. Lakini haya ya Rasik sitayatia chumvi. Yana chumvi yake.

Nilipostaafu, katikati ya mwaka 2000, mhasibu wetu pale jikoni, mama mmoja wa Kihindi aitwaye Poonam, aliniita pembeni. Kiswahili anakisikia vizuri, ila ukimsemesha atakujibu kwa Kiingereza, kama wote waliosomeshwa London. Nyumbani kwake Stanmore alikuwa na baba yake. Mzee huyo alizaliwa Tabora, akafungua duka Tabora, mwaka 1973 akamfuata kaka yake Florida kuendesha nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Sasa mke alikuwa amefariki, kisukari kimemla macho na kimeanza kumla figo, ndipo binti akamleta kwake.

"Anashinda peke yake, Anko Thadei," Poonam aliniambia. "Anaongea Kiswahili na redio. Redio haimjibu."

Nikapanda mabasi mawili kwenda kujibu badala ya redio.

Mlango alinifungulia mwenyewe. Mfupi, sweta mbili, kofia ya sufu, miwani mizito kama vitako vya chupa.

"Wewe ndiye Mnyamwezi?"

"Ndiye."

"Wa wapi?"

"Sikonge."

"Sikonge! Watu wa Sikonge wana maneno mengi kuliko nyuki wao."

"Na ninyi wa Tabora mjini mlituuzia vibiriti visivyowaka."

"Viliwaka. Ninyi mlivikalia."

Basi tukawa ndugu. Mimi nikamwita Rasikbhai, yaani kaka Rasik, yeye akaniita Bwana Thadei mbele ya watu na Nyuki tukiwa wawili. Nikawa naenda Jumatatu hadi Jumamosi, tunakunywa chai ya tangawizi, tunawasengenya watu wa Tabora waliokwisha kufa, maana walio hai hatuwajui.

Wiki ya kwanza tu akaniuliza kabla ya London nilikuwa na kazi gani. Ulimi wangu hauombi ruhusa. Nikamwambia nilikuwa msimamizi wa uchaguzi.

"Wapi?"

"Sikonge yote. Mwaka sitini na tano. Masanduku kumi na manne chini ya mkono wangu, na askari wawili wa kunipigia saluti."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Aliweka kikombe chini, akanishika mkono wa koti.

"Mungu ndiye kakuleta," akasema.

Ndipo nikasikia habari yake. Rasik alikuwa na miaka sabini na minne na hajapata kupiga kura hata siku moja. Uhuru ulipokuja, watu kama yeye walipewa muda wa kuomba uraia. Yeye alikuwa na pasipoti ya Mwingereza, akasema ngoja nione upepo. Upepo ukapita. Mwaka huohuo wa sitini na tano watu wa uchaguzi walikuja dukani kwake kuazima meza, akaibeba mwenyewe mpaka shuleni, akaipanga walipotaka. Kisha askari akamwambia kwa adabu, mzee, wewe simama nje ya kamba. Akasimama nje ya kamba mpaka jioni, anatazama mama muuza karanga na mfagizi wake wa dukani wakipiga kura juu ya meza yake. Florida nako mwaka hadi mwaka, vyumba arobaini, mashuka themanini, karatasi za uraia zinakaa kabatini. Alikula kiapo mwaka 1998. Baada ya hapo mke akaugua.

"Sasa mimi Mmarekani," alisema, "na Mmarekani hata akikaa Stanmore ana haki ya kura. Poonam ameniombea, jina langu liko kwenye daftari la kaunti yetu kule. Karatasi inakuja kwa posta. Nyuki, mimi nataka moja tu. Daktari haniahidi uchaguzi mwingine."

Hapo ningeweza kusema, Rasikbhai, nilikutania. Mdomo ulikuwa umejaa biskuti.

Tukaanza masomo. Yeye Marekani aliishi zaidi ya miaka ishirini na mitano, lakini siasa, kama alivyosema, alizisikia kupitia ukuta wa chumba namba tisa. Mimi nilisoma magazeti yaliyoachwa kwenye basi, na pale gazeti lilipochanika nikajaziliza.

"Nieleze hawa wajumbe wa kumchagua rais," akasema siku moja. "Mimi napiga kura, halafu wao tena wanapiga kura?"

"Ni posa," nikamwambia. "Wewe unamtaka binti, lakini huendi mwenyewe kwao. Unatuma mshenga. Wananchi wanachagua washenga, washenga wanakwenda kuposa rais. Kila jimbo lina idadi yake ya washenga, na mwenye kura nyingi jimboni anawachukua wote."

"Hata akizidi kwa kura moja?"

"Hata moja. Ile moja inabeba washenga wote mgongoni."

Akafikiri. "Na mwenye watu wengi nchi nzima akikosa washenga?"

"Anarudi kwao na mahari yake."

"Hiyo si haki."

"Rasikbhai, nani alikwambia posa ni haki?"

Tukaenda hivyo. Kura za mchujo nikamweleza ni mashindano ya kijiji kabla ya kwenda wilayani. Jimbo linaloyumba nikasema ni jirani asiyeamua ale kwa nani, ndiyo maana nyumba zote mbili zinampikia. Alipenda hilo, hasa Florida iliposemwa kuwa ndiyo jirani mwenyewe. Na vyama nikamwambia ni punda na tembo, hakuna zaidi. Alikuwa na kikaratasi anaandika kwa herufi kubwa za kibao cha duka, ili macho yake yasome. Sijawahi kuwa na mwanafunzi mwenye bidii vile, wala mwalimu mbovu namna ile hajapata kuzaliwa.

Oktoba ikaisha karatasi haijafika. Kila asubuhi alikuwa amekaa kwenye ngazi akitazama tundu la barua. Ikafika Jumamosi, tarehe nne Novemba, siku tatu kabla ya uchaguzi, na Poonam alikuwa amekwenda Leicester na mumewe na watoto kwenye harusi, hawarudi mpaka Jumapili jioni. Nilipoingia nikamkuta mzee ameiweka bahasha juu ya meza ya jikoni, hajaifungua, amevaa koti la suti.

"Nimekungoja, msimamizi," akasema.

Posta ya Stanmore ilikuwa inafungwa saa saba mchana. Ilikuwa saa nne. Nikamwambia lazima itoke leo leo. Nikavaa miwani, nikapasua.

Mlikuwa na karatasi ya kura, bahasha nyeupe ya kuitia kura, bahasha kubwa ya kuitia ile nyeupe, na waraka wa maelezo. Nikaishika kura nikaigeuza mbele na nyuma.

"Wanyama wako wapi?"

"Wanyama gani?"

"Punda na tembo. Hapa hakuna picha."

"Labda wameandika majina."

"Majina ni kitu gani? Sikonge tulikuwa na picha za jembe na nyumba. Bibi asiyejua a wala be aliweka alama yake bila kumuuliza mtu. Nchi inapeleka watu mwezini inashindwa kuchora punda!"

Nikamsomea majina yote, polepole, mara mbili. Akaniambia nigeuke.

"Nigeukie wapi?"

"Kokote. Kura ni siri, wewe mwenyewe ulinifundisha."

Nikasimama nimeelekea friji ya Poonam. Nilisoma menyu ya shule ya wajukuu wa mzee mpaka nikaikariri. Nyuma yangu nasikia penseli, inasimama, inaanza tena, nasikia anavyohema. Aliitafuta ile duara ya kujazwa kando ya jina kwa ncha ya kidole kwanza, nadhani, kwa yale macho. Dakika ishirini. Kura ya mtu mmoja. Aliposema "geuka" nilimkuta ameshafunga bahasha nyeupe kwa ulimi wake, ameiwekea viganja viwili juu kama mtu anayezuia kisichoonekana kisiruke. Alikuwa analia, na hakuona haya. Mpaka leo sijui alimpigia punda au tembo.

Ikabaki bahasha kubwa. Nyuma yake palikuwa na mistari: sahihi ya mpiga kura, tarehe, sahihi ya shahidi, anwani ya shahidi.

Niliisoma. Sitasema sikuisoma. Niliisoma vizuri.

"Usitie sahihi," nikasema.

"Kwa nini? Nini kimeandikwa?"

"Wanataka jina lako na sahihi yako. Na ya shahidi."

"Basi tutie. Wewe utakuwa shahidi."

"Rasikbhai. Kura yenye jina imeharibika. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kura duniani. Ukitia jina, karani akifungua anajua huyu ni Rasik na kamchagua nani. Siri iko wapi? Na shahidi! Ndoa ina shahidi. Kesi ina shahidi. Kura haina shahidi."

"Lakini wameandika wenyewe..."

"Wanapima akili ya mpiga kura. Kule Sikonge nilitupa kura mia mbili za watu waliojiandika majina kwa kiherehere."

Akaishika ile bahasha usoni, karibu igusane na miwani. Waraka wa maelezo ulikuwa palepale, na nadhani alitaka kuniambia niusome tena. Kisha akaishusha bahasha.

"Wewe ndiye msimamizi," akasema.

Ukweli wa mwaka sitini na tano ni huu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, kazi sina, wakanichukua kwa siku moja. Sikuwa msimamizi wala karani. Nilisimama mlangoni mwa darasa la shule ya misheni, kutwa nzima, nikiwapigia kelele watu waliopanga foleni: "Usiandike jina! Kura yenye jina imeharibika!" Tangu alfajiri mpaka jua linazama, mpaka sauti ikakauka. Hicho ndicho kitu pekee nilichokijua kuhusu uchaguzi maishani mwangu, na ndicho nilichompa.

Tukaenda posta tumeshikana mikono, yeye na suti yake. Mama wa dirishani akagonga muhuri. Rasik akamwomba agonge tena, aone. Akagonga tena.

Halafu Florida ikagoma kuhesabika. Mnakumbuka wenyewe. Urais wote ukawa unangoja jimbo lile, tofauti ya wagombea wawili ilikuwa kura mamia tu, kura zinarudiwa kuhesabiwa, na kura za walioko ng'ambo bado zinangojwa. Rasik aliacha kulala mchana. Mimi ndiyo nikapata shamba la kulima! Kila siku nilikuja na gazeti lenye picha ya karani ameinua kwenye taa karatasi ya kura ya kutobolewa matundu, anaitazama kwa kioo cha kukuzia.

"Hiyo hapo," nikamwambia. "Ni yako."

"Yangu haikuwa na matundu."

"Ndiyo maana anashangaa."

Akacheka mpaka miwani ikamtoka. Nikamwambia kura yake imevuka bahari kwenye ndege niliyoipakia kuku, rubani kaiweka kifuani. Nikamwambia magavana wawili wameuliza huyu mpiga kura wa Stanmore ni nani. Akaanza kuhadithia kwenye duka la dawa, akahadithia hekaluni, "kura yangu inangojwa Florida," na watu wakamwamkia kwa heshima. Poonam akanishika mkono mlangoni siku moja. "Sijui umemfanya nini, Anko," akasema. "Anakula."

Jumamosi ya tarehe kumi na nane tulikuwa sebuleni tunatazama habari. Mtangazaji akasema kaunti za Florida zimefungua masanduku ya kura za ng'ambo, na mamia yametupwa pembeni. Akataja sababu. Hakuna muhuri wa posta. Hakuna tarehe. Hakuna shahidi. Hakuna sahihi ya mpiga kura kwenye bahasha.

Rasik hakuona picha vizuri, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

"Hao ni wanajeshi wao walioko ng'ambo," nikasema haraka. "Wanajeshi wana haraka, hawasomi."

"Amesema sahihi."

"Amesema muhuri. Yetu ina mihuri miwili."

"Thadei." Hakuniita Nyuki. "Sikonge ulikuwa nani?"

Nilikuwa na majibu. Yalikuja kumi kwa mara moja, mazuri yote, nikayaacha. Nikamwambia. Mlango wa darasa, foleni, sauti iliyokauka. Nikamwambia na ile sentensi.

Mjukuu wake aliingia kuchukua chaja ya simu, akatoka.

"Ulipiga kelele vizuri?" hatimaye akauliza.

"Vizuri sana. Hakuna hata mmoja aliyeandika jina."

"Ndiyo," akasema. "Hata mimi sikuandika."

Jumatatu saa nane na nusu mchana, kule kwao ni asubuhi, nikapiga simu ofisi ya uchaguzi ya kaunti yao. Yeye alikataa kuishika. "Wewe ndiye msimamizi, ongea." Nikajiita Rasik, nikasema tarehe ya kuzaliwa huku ananionyesha kwa vidole. Akaja mwanamke mmoja mpole, akaenda kutafuta, akarudi. Bahasha imefika, akasema. Imefika mapema, muhuri upo. Lakini haina sahihi wala shahidi, kwa hiyo iko kwenye sanduku la zilizokataliwa. Nikamwomba tutume sahihi leo, kwa faksi, kwa mjumbe, nitakuja mwenyewe. Haiwezekani, bwana. Niliuliza kama watairudisha. Hawairudishi. Niliuliza kama wameifungua. Hapana, bwana, iliyokataliwa haifunguliwi, inawekwa hivyohivyo. Akaniomba radhi kama vile kosa ni lake, akanitakia siku njema.

Nikaweka simu. Rasik amekaa mbele yangu, viganja juu ya magoti.

"Wamesema nini?"

Mtu aliyedanganya miaka sitini, maneno yamejaa mfukoni kama njugu, lililohitajika ni moja. Imehesabiwa, Rasikbhai. Wamekubali muhuri wa pili. Nani angeniumbua? Nani angevuka bahari kwenda kufungua sanduku?

"Wameikataa," nikasema. "Iko sandukuni. Haitahesabiwa."

Akatikisa kichwa polepole.

"Miezi yote hii umenidanganya bure," akasema, "na leo ndiyo umechagua ukweli?"

Nikaisogeza simu pembeni, naye akauliza tena.

"Hawakuifungua?"

"Hawakuifungua."

"Basi hawajui nilimchagua nani."

"Hawajui."

"Siri imetunzwa," akasema, na mdomo wake ukaenda upande kama wa mtu anayetaka kucheka, lakini kicheko hakikuja. Akainuka akaenda kulala, saa tisa za mchana. Poonam aliporudi kazini nikamweleza yote, nimesimama ukumbini na koti langu, nikingoja anifukuze. Hakunifukuza. Alivua viatu, akakaa kwenye ngazi ya chini na mkoba wake mapajani. Akasema Ijumaa ile kabla ya kwenda harusini alitaka kuacha maagizo kwamba bahasha ikifika isifunguliwe mpaka arudi, halafu akajisemea, si Anko Thadei yupo.

Desemba washenga wakaamuliwa. Tofauti Florida ilikuwa mia tano na kitu. Rasik aliacha kuwahadithia watu, ila watu hawakuacha. Muuza dawa kila akimwona: "Mzee, ile kura yako ilifika?" Naye anajibu, "Ilifika." Ilikuwa kweli, na hakuna uongo wangu wowote uliowahi kunichoma kama kweli ile.

Daktari alikosea, akampa miaka zaidi. Miaka hiyo haikuwa zawadi. Mwaka 2002 macho yalikwisha kabisa. Mwaka uliofuata figo zikakataa, tukawa tunampeleka kwenye mashine mara tatu kwa wiki, mimi na yeye nyuma ya gari la wagonjwa, masaa manne kila mara, damu inatoka inaoshwa inarudi. Kiharusi kidogo kikamchukulia mkono wa kulia. Tulizungumza, tena sana, juu ya Tabora. Sikumdanganya tena, na nadhani alichoka nami zaidi hivyo.

Septemba 2004 Poonam alikuja kliniki na fomu mpya ya kura. Amesoma kila mstari, amepigia simu kila ofisi, amechora alama ya penseli pale pa kutia sahihi. Akaeleza kwamba asiyeweza kuandika anaweka alama tu, na shahidi anathibitisha. Muda upo tele. Akainama kando ya kitanda.

"Papa, hii itahesabiwa. Nakuahidi."

Mzee akageuza uso kwenye sauti.

"Thadei yupo?"

"Nipo, Rasikbhai."

"Mweleze binti yangu. Mtu anapiga kura mara ngapi katika uchaguzi wake?"

"Mara moja."

"Mimi nimeshapiga," akasema. "Waifungue ile kwanza."

Poonam akaniangalia, nami nikaangalia mashine. Alingoja kidogo, akidhani labda ni utani, kisha akaikunja fomu akairudisha kwenye mkoba. Uchaguzi ulikuwa Jumanne, tarehe mbili Novemba. Jumatano gari la wagonjwa lilikuja saa moja asubuhi kama kawaida, tukampakia.